Daftari la Mwalimu Ernestina

Kilichompeleka Agathe darasani, akiwa na miaka arobaini na mmoja, ni kopo la dawa ya nywele. Alikuwa msusi katika saluni ya Yvette pale Umbilo Road, mjini Durban, na makopo yote aliyajua kwa rangi: la kijani ni la nywele laini, la zambarau ni la nywele ngumu. Mwaka 2012 watengenezaji wakabadilisha makopo bila kumuuliza mtu, yote yakawa meupe yenye maandishi ya dhahabu. Agathe akakisia. Mteja akaruka kitini anapiga mayowe, shingo imeota malengelenge, ikabidi Yvette amwoshe, amwombe radhi na amsindikize mpaka kliniki.

Yvette alikuwa Mkongo mwenzake, mtu wa Uvira, na Agathe alikuwa akimfanyia kazi kwa mwaka wa nne sasa. Yvette aliporudi kutoka kliniki alimkalisha Agathe kwenye kiti cha wateja, akamwambia kwa Kiswahili cha kwao, chenye Kifaransa ndani.

"Maman Agathe, kusuka hakuna mwenye anakushinda hii barabara yote. Mais dawa, basi. Hautaigusa tena mpaka ujue kusoma. Iko masomo pale kwa salle ya kanisa, kila Jumamosi. Wanafundisha kusoma Kiswahili, kisha Kiingereza. Ni ya bure."

"Ya bure?"

"Ya bure kabisa."

"Na nani anamulipaka mwalimu?"

Yvette akacheka. Agathe hakucheka, maana hakuwa anatania. Alikuwa mtu wa kuuliza hivyo hata akipewa pipi. Mtu akimuuliza anakaa wapi, alijibu "huku juu". Kazini alikuja kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Katika chumba alichopanga pale Umbilo, kitanda alikiweka mahali ambapo akiamka jicho la kwanza linaangukia kwenye mlango.

Jumamosi ya kwanza alifika mapema ili aone nani anaingia. Ukumbi ulikuwa nyuma ya kanisa, una viti vya plastiki, ubao mweupe na thermos ya chai. Wanafunzi walikuwa tisa. Mmoja alimfahamu kwa sura: Jacques, Mkongo mrefu aliyekuwa akilinda magari ya wateja wa supermarket. Kisha akaingia mwalimu, msichana wa miwani na viatu vya raba, akafungua kinywa.

"Karibuni sana. Naitwa Ernestina, natokea Mwanza. Niko hapa chuoni nasomea elimu ya watu wazima. Ninakaa Glenwood, jirani tu."

Agathe akauvuta mkoba wake karibu. Kilichomshtua hakikuwa kitu alichosema mwalimu, kilikuwa Kiswahili chenyewe, kile cha Tanzania, kilichopigwa pasi. Katika kambi ya wakimbizi alikokaa upande wa Kigoma, ndicho walichosema wale maofisa wenye mafaili. "Pole, mama. Hebu tuanze tena, mama." Walimuuliza mambo yale yale mwaka huu na mwaka uliofuata, halafu wakalinganisha majibu kwa kalamu nyekundu.

Ikaja karatasi ya majina, ikipita mkono kwa mkono. Asiyejua kuandika, mwalimu alimwandikia.

"Jina lako, mama?"

"Valérie."

Lilimtoka kabla hajafikiri. Lilikuwa jina la mteja aliyemsuka asubuhi ile.

Mwalimu akafungua kitabu chenye picha ya baba, mama na watoto mezani. Kila mtu aseme familia yake: mume au mke ni nani, watoto wangapi, wako wapi sasa. Jacques alisema bibi yake, yaani mke, iko Bukavu na watoto wawili, haraka haraka, akitazama sakafu. Kabla zamu haijamfikia Agathe, mwalimu aliikumbuka karatasi yake. Akaiinua, akaanza kuita majina, na kila aliyeitwa ajibu kwamba yupo.

Kwenye jina la nne Agathe alishika mkoba wake akatoka. Chai aliiacha nusu. Hakukimbia, maana anayekimbia hutazamwa, lakini kwenye robot, taa za barabarani, alivuka zikiwa nyekundu.

Kitu ambacho mwalimu hakukijua ni hiki. Miaka kumi kabla, upande wa Fizi, Agathe na mume wake Prodige waliandikishwa pamoja na kijiji kizima ili wapewe chumvi na mablanketi. Walioandika walikuwa watu wema, wenye kofia nyeupe. Baada ya wiki mbili wakaja wengine, wana bunduki, na karatasi ile ile. Iliwafikiaje, hakuna aliyewahi kujua. Walisimama mbele ya zahanati wakatangaza kwamba chumvi imefika, wakaanza kusoma. Prodige aliinua mkono akaitika kwa sauti, kama alivyofundishwa shuleni. Walioitika waliwekwa kando, kisha wakapelekwa njia ya mtoni, na njia ya mtoni haikumrudisha hata mmoja. Agathe alikuwa shambani, ndani ya mihogo. Jina lake lilifuata la mume wake. Alilisikia likiitwa mara tatu, kwa sauti ya adabu kabisa, naye amelala kifudifudi ana udongo mdomoni.

Ndiyo maana hakukaa penye karatasi ya majina. Na Durban nayo haikumfundisha tofauti. Mwaka 2008, alipokuwa anakaa Cato Manor, watu walipita nyumba hadi nyumba wakiulizia nani mgeni. Alitokea dirishani na hakurudi tena, hata kufuata masufuria yake.

Jumamosi mbili hakwenda darasani. Kila siku alimuuliza Yvette swali moja.

"Yule mwalimu amekuja kuniulizia?"

"Hapana."

"Hata simu?"

"Maman, hakuna mwenye amekuulizia."

Hilo nalo likamnyima amani. Mtu aliyeandika jina lake, akamwona anatoka katikati ya somo, iweje asiulize? Jumamosi ya tatu alirudi, si kwa kusoma, bali kuona wanapanga nini.

Alikuta mambo yamebadilishwa. Viti vilipangwa kuzunguka ukuta, hakuna aliyempa mwenzake mgongo. Mlango ulikuwa wazi, umezuiwa kwa tofali. Kitabu cha familia hakikuwepo, na karatasi ya majina haikuwepo.

"Kila mtu akae anapopenda," mwalimu Ernestina alisema. "Anayetaka kutoka atoke, hatumuulizi anakwenda wapi. Nikiuliza swali na mtu hataki kujibu, aseme 'napita', tunaendelea na mwingine. Leo tunaanza na maneno ya dukani."

Akagawa pakiti za sabuni, chumvi, viberiti na dawa za kikohozi, tupu, alizokusanya huko alikokusanya. Agathe aliketi kiti cha kwanza mlangoni. Ili ampime, alisema "napita" mara tano mfululizo. Mara zote tano mwalimu aliitikia kwa kichwa akasonga mbele, bila kununa. Shuleni alikosoma Agathe miaka miwili, ukikosa jibu moja ulikula viboko. Huyu ni mwalimu wa namna gani? Na kwa nini karatasi ya majina imeondoka siku anayorudi yeye? Agathe aliliwaza jambo hilo njia nzima akapata jibu moja tu: asiyeuliza amekwisha kujua.

Ndipo alipoliona daftari. Lilikuwa dogo, jalada la bluu. Somo likiisha, watu wakikusanya vikombe, mwalimu aliketi akaandika. Aliandika, akatazama kiti kimoja, akaandika tena, akatazama kingine. Jumamosi moja alitazama kiti cha mlangoni, akaandika kwa muda mrefu.

Agathe alimngoja Jacques nje.

"Anaandikaka nini mule?"

"Masomo tu, maman. Walimu wote wanaandikaka masomo."

"Masomo iko kwa ubao. Mule iko kitu ingine."

Jacques akainua mabega akaenda zake kwenye magari. Agathe akabaki na neno lake. Angeweza kuacha darasa, lakini kuacha kungeliacha lile daftari likitembea mjini na habari zake ndani. Angeweza kuliiba, lakini angelifanyia nini? Angefungua ukurasa akaona mistari ya sisimizi. Njia ilikuwa moja. Ili ajue mwalimu anamwandika nini, ilimbidi mwalimu yule yule amfundishe kusoma.

Basi alisoma. Alisoma kwa hasira, kama mtu anayechimba ukuta kwa kijiko. Saluni alisoma masanduku ya nywele na kalenda ya ukutani. Barabarani alisoma vibao vya maduka, herufi kwa herufi, mpaka watu wakampiga vikumbo. Kufikia Agosti silabi zilianza kushikana zenyewe: da na wa, dawa, mo na to, moto. Siku hiyo alisimama mbele ya rafu ya Yvette akajua kopo lipi ni lipi, lakini hakumwambia mtu.

Tatizo likawa mwandiko. Herufi za vitabuni alizijua, ila mwalimu aliandika kwa mkono, herufi zimelala na kushikana mikono. Agathe akanyoosha kidole, kwa mara ya kwanza tangu aanze.

"Mwalimu, tufundishe maandiko ya mukono. Ile ya haraka."

Ernestina alifungua mdomo kama anayetaka kuuliza kwa nini, akaufunga. "Sawa, Mama Valérie. Wiki ijayo."

Agathe aliona ule mdomo ukifungwa, akauhesabu pamoja na mengine.

Mwezi wa kumi, siku ya kazi ya kawaida, mlango wa saluni ulifunguliwa akaingia mwalimu Ernestina anataka kusukwa. Alikuwa hajui Agathe anafanya kazi pale, au ndivyo alivyoonekana. Alimsalimu kwa furaha, akaketi. Agathe alichana nywele, akagawa mistari, akaanza. Yvette, aliyekuwa nyuma anaosha taulo, akapaza sauti.

"Agathe! Agathe, leta maji ya moto!"

"Nakuja!"

Jibu lilikwisha kutoka. Macho yao yalikutana kwenye kioo. Ernestina akayateremsha kwenye gazeti lililokuwa mapajani, akafungua ukurasa. Saa tatu nzima zilizofuata walizungumza habari za mvua na bei ya nyanya. Mikono ya Agathe ilisuka bila kukosea, ila kichwani alikuwa anapanga nguo za kuweka kwenye begi.

Jumamosi mwalimu alimpokea mlangoni. "Karibu, Mama Valérie."

Mama Valérie! Agathe aliona sasa hakuna shaka. Mtu mwenye nia njema angeuliza, au angecheka, au angesema umenidanganya. Huyu ameficha. Jina la kweli limekwisha kuingia daftarini, na kutoka daftarini litaingia wapi?

Wakati wa chai Ernestina alichukua thermos kwenda kujaza maji jikoni. Wanafunzi walikuwa nje kwenye jua. Daftari lilibaki mezani, chini ya pakiti ya biskuti. Agathe akalichukua.

Kila ukurasa ulikuwa na jina juu. Orodha, basi, ni orodha. Akajiegemeza kwenye meza. Alipekua mpaka akaona V, akaanza kusoma, midomo ikicheza, kidole chini ya kila neno.

"Valérie. Akae mahali anapouona mlango. Nisimwite kwa sauti kubwa. Nisipitishe tena karatasi ya majina, lile lilikuwa kosa langu. Lori likipiga honi anashtuka: ningoje, nisimtazame. Anajifunza haraka kuliko wote. Jina lake jingine nimelisikia saluni. Halinihusu. Abaki Valérie mpaka apende mwenyewe."

Alirudia mstari wa mwisho mara mbili, akidhani amekosea silabi. Kisha, kwa kuwa vidole vilikuwa vimekwisha kuzoea kazi, alifungua ukurasa mwingine. "Jacques. Mtu asisimame nyuma yake. Nisimuulize tena habari za mke na watoto." Neno "tena" lilikuwa limepigiwa mstari.

Agathe akalifunga daftari haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafuni akamkuta mwenzake ndani. Kumbe Bukavu hakuna bibi. Miezi sita amekaa na Jacques, na jambo hilo hakulijua. Sasa analijua, wala Jacques hakumwambia.

Alipoinua macho, Ernestina amesimama na thermos yake.

"Umesoma," mwalimu alisema. Hakukasirika. Ilionekana hata amefurahi kidogo, na furaha hiyo ndiyo iliyompandisha Agathe hasira.

"Nimesoma. Nani mwingine anaisomaka?"

"Hakuna. Ni yangu peke yangu, nisije nikasahau. Siku ile ya kwanza niliwakosea, mama. Tulishafundishwa chuoni kwamba mtu aliyepitia mambo mazito, darasa lenyewe linaweza kumrudisha kule kule. Nilisoma, lakini sikuwa nimeelewa. Ulipotoka ndipo nilipoelewa. Nikawa naandika yanayowaumiza ili nisiyarudie."

"Unaiwekaka wapi?"

"Kwenye mkoba."

"Na mukoba wakiiiba kwa taxi?" Agathe aligonga jalada la bluu kwa kidole. "Humu umeandika kila mutu anaogopa nini. Jina juu, woga chini. Mwenye kutaka kutuumiza hatatafuta kitu. Umeisha kumupangia yote, mwalimu. Umeandika muzuri sana."

Ernestina akaweka thermos chini. Akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi.

"Sikuliwaza hilo," alisema.

"Haukuliwaza sababu haukukimbiaka vita."

Nje watu walikuwa wanacheka jambo fulani. Ernestina alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena.

"Unataka nilifanye nini, mama?"

Katika maisha ya Agathe watu wenye karatasi walimuuliza mengi, hilo hawakuwahi. Alifikiri, akatafuta mtego ndani ya swali, hakuuona.

"Kila mutu umupatie ukurasa yake," alisema. "Na umuambie ulikuwa unafanya nini. Weye mwenyewe, mbele yao."

Jumamosi iliyofuata mwalimu Ernestina alisimama mbele ya ubao akaeleza, akawaomba radhi, akachana ukurasa mmoja mmoja akampa mwenyewe. Haikuwa siku nzuri. Mwanamke mmoja Mrundi, Nahimana, alicheka akasema ameandikwa vizuri kuliko mume wake alivyowahi kumjua. Mzee Pandu, aliyekuwa anauza viatu, alikunja karatasi yake akaitia mfukoni bila kuisoma. Jacques aliisoma yake amesimama. Akaisoma tena, akatoka, na kwa wiki tano hakuonekana. Agathe alimkuta kwenye maegesho akamwambia darasa bado lipo. Jacques akamjibu kwamba magari ni mengi siku hizi. Alirudi mwishoni mwa Novemba, akaketi ukutani, akafungua kitabu, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Agathe naye hakugeuka mtu mwingine kwa siku moja. Daftari lilipobaki jalada tupu, alilichukua mezani akahesabu vipande vya kurasa zilizochanwa vilivyosalia kwenye uzi, akavilinganisha na idadi ya watu. Vililingana. Mwalimu alimwona akihesabu, akangoja amalize. Kuanzia hapo Agathe alianza kusema "napita" pale tu alipokuwa hataki kujibu.

Waliendelea mpaka mwisho wa 2013, Ernestina alipomaliza chuo. Siku ya kuagana alikwenda saluni akasukwa kwa mara ya mwisho, na Agathe akamsuka polepole.

"Jina langu unalijua," Agathe alimwambia kwenye kioo.

"Nalijua, mama."

"Bien. Vizuri."

Mwalimu mpya alipokuja, kijana wa Kizulu wa kufundisha Kiingereza, Agathe alimwangalia mwezi mzima kabla ya kumwamini hata kwa kalamu.

Mwaka 2014, Jumatano moja asubuhi, akaja mtu wa mwenye jengo pale alipopanga, ana tai na rundo la karatasi. Alikuwa anapita vyumba vyote, akisema ni sahihi ndogo tu, ya kumbukumbu. Majirani watatu walikwisha kuweka alama. Agathe alipokea karatasi yake mlangoni, akaitazama juu mpaka chini. Ilikuwa Kiingereza kitupu, kurasa mbili.

"Hapa tu, mama," yule mtu alisema akimpa kalamu.

Agathe alimwambia, kwa Kiingereza chake kifupi, kwamba atasoma kwanza.

"Mama, ni kitu kidogo."

"Basi njoo Jumatatu."

Yule mtu alikasirika, akasema wenzake hawasumbui, akashuka ngazi. Agathe alifunga mlango, na jioni aliporudi kutoka kazini akaketi kitandani na kamusi. Ilimchukua jioni ya Jumatano na ya Alhamisi. Kwenye ukurasa wa pili, mstari wa sita, aliyakuta maneno mawili aliyokuwa akiyajua kwa hakika, "seven days", siku saba, na akarudi nyuma neno kwa neno mpaka akaelewa ni siku saba za nini: mwenye jengo akitaka, mpangaji ahame ndani ya siku hizo, bila kudai chochote.

Ijumaa alfajiri, kabla hajaenda kazini, aligonga mlango wa jirani yake Élisabeth, mmoja wa wale waliokwisha kuweka alama. Alimwonyesha mstari. Élisabeth akamwita mume wake, na mume akaita wa chumba cha pili. Baada ya muda kulikuwa na watu wanane kwenye ngazi, kila mmoja na kurasa zake mbili, wanataka kujua kama zao zinasema vile vile.

"Leteni," Agathe alisema, akaketi kwenye kidato cha juu cha ngazi, mgongo ukutani. "Mais sisomake haraka. Na mutu asisimame kwa mwangaza."